Uso Huu Si Wake

Kwa miezi mitatu mimi na kaka yangu tumevutana juu ya saa ya babu. Ni Seiko 5 ya chuma, zile zisizotiwa ufunguo. Unaitikisa mara mbili tatu, inaamka. Kaka alikuwa anaoa na alitaka kuivaa siku ya nikaha ikiwa inang'aa. Alishampata mtu: uso upakwe rangi upya, kasha lipigwe polishi, mishale ibadilishwe, kioo kipya. Mimi nikasema haitoki nyumba hii.

Mnaosoma hapa mnajua ukali wangu kwenye mambo haya. Nimeshalalamika sana kuhusu wahariri wanaochukua shairi la Kimvita na kuliogesha Kiswahili sanifu ili wanafunzi wasipate tabu. Chukua neno moja tu, *nti*. Mhariri anaandika *nchi*. Mizani haikuguswa, silabi ni zile zile mbili, lakini kama mshairi alikuwa anafunga kina cha *-ti*, ubeti umeshavunjika, na msomaji atadhani aliyeshindwa ni mshairi. Nikamwambia kaka, hivyo ndivyo mtu wako atakavyoifanyia saa. Itakwenda, itasoma saa sawasawa, ila haitakuwa ile.

Kaka akajibu kwamba babu hakuwa shairi, alikuwa karani wa bandarini aliyependa kutoka safi. Sikuwa na jibu zuri kwa hilo.

Tukakubaliana twende kwa fundi mmoja mzee mjini, aamue yeye. Akaigeuza kwanza, hata uso hakuutazama. Nyuma pana nambari mbili. Moja ni ya aina ya mashine, 6119. Nyingine ni ya saa yenyewe, tarakimu 6, na ndiyo inayosema umri: ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Yetu inaanza na 24. Muongo haukuandikwa, lakini ukiijua mashine unaujua: Aprili 1972. Nikafurahi kama niliyepata muswada.

Kisha akaivalia lenzi, akanyamaza kidogo. "Mwanangu, uso huu si wake."

Akanionyesha. Pale chini kabisa, ukingoni, uso wa kiwandani huwa na maandishi madogo mno yenye nambari ya mashine. Hapa hapana kitu. Vistari vya dakika havikai sawa na alama za saa, na herufi ni nene, za mkono wa mtu. Mshale wa sekunde nao umetoka saa nyingine. Kwa hiyo kitu nilichokipigania miezi mitatu, nikikiita "orijino", kilikuwa kimeshapakwa upya kitambo. Kaka hakusema neno, lakini alitabasamu mpaka nikataka kumpiga.

Mama tulipomuuliza akashangaa. "Kwani hamkujua? Iliingia maji, uso ukaoza. Babu yenu akaipeleka ikapakwa, akarudi anajionyesha mtaa mzima."

Hapo ndipo ilinibidi nijisome upya. Nilikuwa nimesoma vibaya, na nilisoma vibaya kwa sababu nilitaka kuwe na asili moja, safi, iliyotoka kiwandani Japani ikanifikia mimi bila kuguswa. Kwa muuza saa hesabu ni rahisi: uso uliopakwa unashusha bei, basi. Lakini saa hii haiuzwi. Uso aliouchagua babu, akaulipia, akautazama mpaka anakufa, ni wake kuliko ule wa kiwandani.

Nikamkumbuka Muyaka. Mashairi yake hatukuyapata mkononi mwake. Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu kwa ajili ya W. E. Taylor, mwishoni mwa karne ya 19, zaidi ya miaka 40 baada ya mshairi kufa. Hichens akayatoa kama kitabu mwaka 1940. Kila mmoja aliacha mkono wake humo. Ninayemshukuru zaidi ni Sikujua, kwa sababu aliandika na maelezo: shairi hili lilisemwa kwa jambo gani, kwa nani. Ukimfuta Sikujua ili umpate Muyaka mtupu, unabaki na mafumbo yasiyo na mlango.

Fundi alipofungua kifuniko cha nyuma, ndani palikuwa na mikwaruzo midogo ya sindano. Si uchakavu, ni tarehe. Mafundi hujiandikia humo siku walizoihudumia. Tulihesabu tatu, ya mwanzo mwaka 81. Sijui maelezo gani ya pambizoni yaliyowahi kunigusa vile. Na polishi? Polishi hula chuma, kingo zikishalainika hazirudi. Hapo nilikuwa sahihi, na bado nasema hivyo.

Lakini kutoigusa kabisa nako ni ujinga wangu mwingine. Mafuta ya zamani hukauka yakawa kama gundi, na saa ikivaliwa hivyo hivyo inajila yenyewe ndani. Heshima ya aina hiyo inaua. Basi mashine ikafunguliwa yote, ikasafishwa, ikatiwa mafuta na mpira mpya wa kuzuia maji. Kioo kilikuwa hakionyeshi tena, kikabadilishwa; cha zamani kimo kwenye bahasha. Uso, kasha na ule mshale wa kuazima vimebaki. Kaka alipata ukanda mpya wa ngozi, kwa masharti yake.

Fundi akachukua sindano, akaongeza tarehe ya nne.

Kidirisha cha siku kina lugha mbili, unachagua kwa kubonyeza tu. Babu aliiacha kwenye Kiarabu. Kwenye nikaha niliukamata mkono wa bwana harusi nikachungulia: ilisoma Ijumaa, kwa Kiarabu, na ilikuwa nyuma dakika mbili.