Damu ya Mzee kwenye Kitufe Kimoja

Kabla hajagusa rangi yoyote, fundi huyu wa kurasa za mtandaoni, wa Mbinga mjini, huandika maneno. Kazi iliyo mezani ni ukurasa wa mauzo wa kikundi kidogo cha wakulima wanaokaanga na kusaga kahawa yao wenyewe. Mnunuzi yuko Dar es Salaam au Dodoma, na simu yake iko mkononi. Maneno yanapangwa kwanza kwa herufi nyeusi kwenye weupe mtupu: kahawa gani, imelimwa wapi, uzito, bei, inamfikiaje mteja, analipaje. Nimekaa pembeni yake, naye anausoma ukurasa huo mkavu mara kwa mara, anafuta neno hapa, anafupisha pale. Ukurasa usioeleweka ukiwa mtupu, anasema, hauokolewi na rangi.

Halafu zinakuja fonti. Wengi huijaribu fonti kwa neno tamu, kama vile Kahawa, ambalo hupendeza kwa mwandiko wowote. Yeye huyatafuta maneno magumu. Anaandika “tunakusafirishia”, herufi 16 bila nafasi, na kuliweka kwenye kichwa cha habari. Ukurasa kwenye simu nyingi za Android hupimwa kwa upana wa pikseli 360 hivi. Kwa fonti ya kwanza neno linafurika, na herufi a inaangukia mstari wa chini, peke yake. Fonti hiyo inaondoka. Anaandika “ng’ambo”, kwa kuwa kikundi kinatarajia kuuza hadi nje. Fonti ya pili, nzuri sana kwa macho, inaachia ritifaa nafasi pana mno, na neno linasomeka kama vipande viwili. Nayo inaondoka. Watengenezaji wengi wa fonti hupima kazi zao kwa Kiingereza, ambacho maneno yake ni mafupi. Kiswahili hubebesha kitenzi kimoja sentensi nzima, na fundi wa huku lazima aupime mzigo huo mwenyewe.

Anapofika kwenye tarakimu anapunguza mwendo zaidi. Mteja atalipa kwa Lipa Namba, na akiisoma 8 badala ya 3, fedha inaweza kwenda kwa mtu mwingine. Kwa hiyo anazipanga jozi zinazofanana, 1 na 7, 3 na 8, 6 na 8, 0 na O, kisha anazipunguza ukubwa hatua kwa hatua hadi zianze kuchanganyika. Fonti iliyovumilia kuliko zote ni Atkinson Hyperlegible, iliyotolewa na Braille Institute ya Marekani kwa ajili ya watu wenye uoni hafifu. Anaipa kazi ya bei na namba ya malipo. Maandishi mengine yanabaki kwa fonti ambayo tayari imo ndani ya simu ya mteja, maana kila fonti ya ziada ni faili la kupakua, na bando ni la mteja. Uzito wa herufi ni wa aina mbili tu, wa kawaida na mzito. Nilidhani ukurasa ungepungukiwa. Haukupungukiwa na kitu.

Rangi huanza na zile za kukataa. Kijani na njano zikikaa pamoja Tanzania, msomaji ameshaona Yanga, au ameshaona CCM, kabla hajaiona kahawa. Nyekundu na nyeupe zikitawala ukurasa mzima, hiyo ni Simba. Fundi hana ugomvi na timu wala chama. Anataka wanunuzi wa pande zote. Anafungua picha alizopiga shambani wakati wa mavuno na kuchukua rangi humo humo: krimu ya kahawa iliyoanikwa kichanjani na ganda lake la ndani, hudhurungi iliyokolea ya punje zilizokaangwa, na damu ya mzee ya tunda lililoiva. Krimu inakuwa usuli, hudhurungi inakuwa maandishi. Damu ya mzee inawekwa mahali pamoja tu katika ukurasa wote, kwenye kitufe cha “Agiza sasa”.

Kisha anapima. Kiwango kinachotumika duniani, cha W3C, kinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa mwanga wa angalau 4.5 kwa 1. Hudhurungi yake juu ya krimu inazidi 10. Wakulima wa kikundi walikuwa wameomba kitufe cha rangi ya chungwa chenye maandishi meupe. Anawaonyesha kipimo, 2.2 hivi, nao wanakubali. Waliomba pia picha ya ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayopangwa mlimani safu kwa safu, iwe nyuma ya maandishi. Hapo alikataa kwa upole. Picha ya ngoro ina mistari mingi mno, maandishi yangezama ndani yake. Ameipa upana wote wa skrini, peke yake, na maneno yako chini yake.

Saa saba mchana anatoka nje na simu ya bei rahisi, anapunguza mwanga wa skrini, anamkabidhi mama wa duka la jirani. “Shikamoo mama. Naomba unisomee namba hii.” Mama anasoma kwa sauti, tarakimu moja moja, bila kukunja uso. Fundi anarudi ndani na bado anaongeza nafasi kidogo katikati ya namba, kila baada ya tarakimu tatu.

Kazi inayofuata ni ya dagaa wa Mbamba Bay, na hakuna rangi hata moja anayoihamisha. Dagaa wakavu ni wa fedha, kwenye krimu wangepotea, kwa hiyo anajaribu buluu nzito ya Ziwa Nyasa, na kupima kunaanza upya.

Wewe unayeuza mchele wa Kyela au karafuu za Pemba, kabla hujalipia tangazo lolote, mpe mtu mwingine simu yako juani akusomee namba ya malipo. Akisita kwenye tarakimu moja, mtafute fundi wa namna hii, na umpe muda anaouomba.