Antivirusi mbili, mashini moja: nani anadanganya nani?

Wandugu, kuko ushauri mmoja unaopita kwenye kila sekretaria ya karibu na chuo, fasi tunapochapisha TFC zetu: "Weka antivirusi mbili. Moja ikikosa, ingine itakamata." Nimeusikia Bukavu, nimeusikia Goma, na wadogo wetu wa mwaka wa kwanza wanaurudilia kama sheria. Leo nataka kuuchambua. Ni ushauri mubaya, lakini jibu tunalozoea kutoa nalo ni fupi sana. Tunasema: "Hapana, mbili zinapigana." Sawa. Zinapigana namna gani? Na nani alizileta zote mbili kwenye mashini ya mwanafunzi mwenye giga 4 za RAM? Hapo njo kuko maneno.

Tuanze na kupigana kwenyewe. Watu wengi wanawaza antivirusi ni programu kama Word: unaifungua, inafanya kazi, unaifunga. Sivyo. Antivirusi inaweka draiva yake ndani ya kiini cha Windows, ile fasi inaitwa kerneli, na inasimama kati ya faili na kila anayetaka kuifungua. Ukibonyeza "Chapitre 3", Word haipewi ile faili mara moja. Antivirusi inaisoma kwanza, inaamua, halafu inaachilia. Sasa weka antivirusi ya pili. Ya kwanza ikifungua faili ili kuikagua, ya pili inaona tu kwamba kuko mtu anafungua faili. Inamsimamisha na kukagua pia. Hivyo kazi moja inakuwa mbili, na mara ingine kila moja inabaki kungojea mwenzake amalize. Dirisha la Word linakuwa jeupe, juu yake kunaandikwa "Ne répond pas", na wewe unalaumu moto wa SNEL. Kwa mashini zetu nyingi, zile za mtumba zenye disku ya zamani inayozunguka, uzito huu unausikia siku ile ile.

Ugomvi wa pili haueleweki haraka kama huo. Antivirusi inatembea na alama za virusi ndani yake ili iweze kuvitambua, na iko na gereza lake la kufungia faili mbaya. Watengenezaji wazuri wanazifunga hizo kwa siri, lakini zikifunguliwa kwa kazi, jirani anaweza kuziona na kupiga kelele: virusi! Au zote mbili zinaikamata faili moja kwa wakati mmoja. Moja imeshaifunga, ingine inaitafuta, haiipati, inasema hatari haikuondolewa. Mwanafunzi anaona madirisha mawili mekundu, anakimbia kulipa mtu aformate mashini, na TFC inaenda pamoja na Windows.

Kama mtu anafikiri naongeza chumvi, aangalie vile antivirusi inaweza kuharibu hata ikiwa peke yake. Tarehe 21 Aprili 2010, McAfee ilituma masasisho ambayo yaliona faili moja ya lazima ya Windows XP, svchost.exe, kuwa ni virusi. Mashini zikaanza kuzima na kuwaka bila mwisho. Mu Septemba 2012 Sophos ilifanya ya kuchekesha kushinda hapo: iliona programu yake yenyewe ya masasisho kuwa ni virusi. Na tarehe 19 Julai 2024 wote tuliona picha za viwanja vya ndege vimesimama, skrini za bluu kila fasi, juu ya faili moja mbaya ya CrowdStrike. Microsoft yenyewe ilihesabu mashini karibu milioni 8.5. Programu inayokaa chini namna ile, ikikosea, inaangusha nyumba. Kuweka mbili ni kuongeza watu wenye uwezo wa kukuangushia nyumba, na usalama haupandi kwa kiasi kile.

Microsoft ilijua ugomvi huu zamani. Toka Windows XP Service Pack 2, mwaka 2004, Windows iko na kituo kinachoangalia kama mashini iko na antivirusi inayofanya kazi. Toka Windows 8, mwaka 2012, Defender imekuwa antivirusi kamili inayokuja na Windows, bila kulipa. Kanuni ni rahisi: antivirusi ya nje ikijiandikisha kwenye kile kituo, Defender inajiweka pembeni. Ile ya nje ikizimika au muda wake ukiisha, Defender inapaswa kurudi kazini. Ni utaratibu mzuri, na mimi nausifu. Kweli kuko tatizo la mwamuzi ambaye naye anacheza mpira: Kaspersky walilalamika mwisho wa 2016 kwamba Windows 10 inawasukuma nje, mwaka 2017 wakapeleka malalamiko mpaka Tume ya Ulaya, Microsoft wakakubali kwamba walikuwa wanazima kwa muda sehemu za antivirusi zisizolingana na Windows mpya, halafu Agosti ya mwaka ule malalamiko yakaondolewa. Kaspersky hawakusema uongo. Lakini mwanafunzi ambaye hana karte ya benki ya kulipia kila mwaka hapati hasara kwa ushindi wa Defender.

Sasa nifike kwenye kitu ninachokilaumu zaidi: ile alama ya kijani. Ukifungua "Sécurité Windows" unaiona, na moyo unatulia. Lakini soma vizuri maana yake. Inasema kwamba kuko programu iliyojiandikisha pale, na programu ile inajisemea iko muzima. Kwa mtu aliyenunua mashini mpya na antivirusi ya halali, inatosha. Kwetu haitoshi, juu ya njia ambayo mashini zinatufikia.

Tufuate njia ile. Mashini inatoka Dubai au Ulaya, mara ingine na antivirusi ya majaribio ambayo muda wake umeisha. Fundi anaweka Windows bila leseni. Ili aktiveri ifanye kazi, maelezo yake yanaanza karibu sikuzote na neno moja: "Zima antivirusi kwanza." Anazima Defender. Kwa kuwa Defender inapenda kujiwasha tena, anaongeza folda ya aktiveri kwenye orodha ya "Exclusions", yaani fasi ambazo Defender imeambiwa isiangalie. Mara ingine, kwa kukimbilia kazi ingine, anatia disku C: nzima mule. Kisha anaweka antivirusi ya kulipia kwa ufunguo wa kuazima, na ili ufunguo usigunduliwe anaikatia intaneti, kwa hiyo haipati tena orodha mpya ya virusi. Juu yake anaweka ingine, ya flashi. Anakurudishia mashini yenye picha tatu za ngao pale chini karibu na saa, na unalipa kwa kuhesabu zile picha.

Angalia kile ulichonunua: mlinzi mmoja aliyefungwa macho, mwengine anayetafuta wezi wa miaka miwili iliyopita, na wote wanasukumana mlangoni. Kituo cha Windows kinaonyesha kijani, kwa kuwa yule wa pili anasema niko muzima. Simlaumu fundi peke yake. Wateja tunapenda kuona ngao nyingi, na makampuni yanayouza antivirusi yanaishi kwa woga wetu. Ni mara ngapi tangazo la antivirusi limekuambia uondoe ile ingine kwanza? Kuko zinazokataa kuingia ikiwa mwenzake yuko, na hizo nazipa heshima.

Hapa lazima nirekebishe pia wale wanaosema "moja tu, basi." Kanuni ya kweli ni moja tu mlangoni. Smadav, ile ya kijani toka Indonesia ambayo wengi tunaijua kwa ajili ya flashi, watengenezaji wake wenyewe wanaitoa kama ulinzi wa pili, wa kusaidia, hawasemi ishike nafasi ya antivirusi kamili. Malwarebytes ya bure, muda wa majaribio ukiisha, inakagua tu ukiiita, halafu inarudi kulala. Na Windows 10 toka 2016 iko na kitu kinaitwa "Analyse périodique limitée": antivirusi ya nje inabaki mlangoni, Defender inapita mara kwa mara kuangalia nyuma yake. Wageni wa namna hiyo hawaleti fujo. Fujo iko pale ambapo wawili wanataka kushika kila faili saa ile ile inapofunguliwa.

Na kwa virusi vya flashi, vile vinavyogeuza folda zako kuwa vishale, mara nyingi faili hazikuliwa. Zimefichwa tu. Ukiisha kusafisha, andika kwenye "Invite de commandes" attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (weka herufi ya flashi yako pa E) na zinaonekana tena. Nimeona watu wakilipa dola kwa huo mstari mmoja.

Kwa mwenye mashini iliyo katika hali hii, mpango wa kuitoa hauhitaji ufundi mkubwa. Kwanza nakili TFC yako fasi ingine, na isiwe ile flashi inayoingia kwenye kila mashini ya mji. Halafu fungua Sécurité Windows, ingia Paramètres, "Gérer les fournisseurs". Pale utaona majina ya wote waliojiandikisha mlangoni. Chagua mmoja. Wengine uwaondoe moja kwa moja, na kuwasha mashini upya kila mara, usiwafukuze wote kwa pigo moja. Kuondoa kwa kawaida kunaacha draiva nyuma, na draiva iliyobaki inaendelea kusumbua bila jina lake kuonekana popote. Njo maana Avast, McAfee, ESET na wengine wanatoa kila mmoja kifaa chake cha kujifuta kabisa. Vile vya Avast na ESET vinatumika vizuri mu "mode sans échec". Chukua kwenye tovuti ya mwenyewe, usichukue kwa jirani.

Kisha ulishe yule uliyembakisha. Kama ni Defender, faili nzima ya masasisho yake inapita mega 100, na najua bei ya mega. Lakini inaweza kushushwa mara moja kwenye wifi ya chuo, ikabebwa kwa flashi safi, ikafunguliwa kwenye mashini kumi. Hiyo ni kazi chama chetu kinaweza kufanya kila Jumamosi bila kuomba mfadhili. Wenye Windows 10 wajue kwamba Microsoft ilifunga masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Defender itaendelea kupata orodha ya virusi mpaka Oktoba 2028, ila matundu ya Windows yenyewe yanabaki wazi.

Kinabaki kile ambacho mafundi wachache wanakionyesha mteja. Kabla ya kulipa, mwambie kwa heshima: papa, fungua "Exclusions" hapa mbele yangu. Kama orodha ni tupu, lipa. Kama iko na folda, muulize moja moja ni za nini. Na kama iko na C:, usitoe mafranga kwanza.