Uzito wa chombo kinachoning'inia kwenye waya

Chombo cha kushushia askari katika filamu ya Aliens (1986) kina kazi moja tu: kutoka meli mama Sulaco iliyo angani hadi ardhini kwenye sayari ndogo ya LV-426, kisha kurudi. Hakisafiri kati ya nyota. Mwongozaji James Cameron alichota mengi kutoka vita vya Vietnam, na ukikitazama chombo hiki unaiona helikopta ya kivita: chumba chembamba cha rubani mbele, makombora yaliyokunjwa ubavuni yakisubiri kufunguka, na tumboni gari la deraya linalotoka mbio mara tu mlango unaposhuka.

Ninachokistahi zaidi ni uzito wake. Vyombo vingi vya sinema huteleza angani kana kwamba havina hata kilo moja. Hiki kinaachiwa kutoka tumboni mwa Sulaco kikaanguka, askari wakatikisika vitini, na mtazamaji akahisi roho ikimpanda kooni.

Uzito huo ulitengenezwa na ndugu wawili, Robert na Dennis Skotak, katika studio za Pinewood, Uingereza. Njia iliyosifiwa tangu Star Wars ya 1977 ilikuwa kuiacha modeli imesimama huku kamera inayoongozwa na kompyuta ikipita mbele yake, kisha kuunganisha picha zilizopigwa moja moja. Akina Skotak walipendelea kuitundika modeli kwenye waya, wakajaza moshi, wakaweka taa na kupiga picha papo hapo. Kwa hiyo taa inayoangaza bawa ndiyo hiyo hiyo inayoangaza moshi unaolizunguka, na jicho haliulizi swali.

Kazi ngumu ilikuwa mwendo. Kitu kidogo kikianguka hufika chini upesi mno, udogo wake ukajulikana hapo hapo. Dawa yake ni hesabu: kasi ya kamera huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha udogo wa modeli. Modeli iliyopunguzwa mara 16 hupigwa picha kwa kasi mara 4, yaani fremu 96 kwa sekunde badala ya 24. Ikionyeshwa kwa kasi ya kawaida, anguko la sekunde moja huchukua nne, na plastiki huonekana chuma. Moto na maji ndivyo visivyotii vizuri, kwa sababu ulimi wa moto na tone la maji havipungui pamoja na modeli. Moshi na giza huficha mengi hapo.

Mtihani mkubwa ni ajali. Kiumbe kigeni kinachoua watu kimejipenyeza ndani, marubani wamekufa, na chombo kinawajia askari waliokuwa wakikisubiri. Modeli iliangushwa kwa waya, kisha picha hiyo ikaangazwa kwenye skrini nyuma ya waigizaji, nao wakakimbia mbele yake. Ukikaza macho, rangi za nyuma zimefifia kidogo. Kwangu si hasara, maana watu na mabaki yanayowafukuza wamo katika fremu moja, na hofu yao ina mahali pa kutazama.

Baada ya hapo hakuna njia ya kuondoka. Sulaco ina chombo cha pili, lakini hakina rubani, na ndiyo maana Bishop, roboti wa kikosi mwenye umbo la mtu, anajilaza ndani ya bomba jembamba na kutambaa hadi kwenye antena, akakiite kwa rimoti.