Mbolea Iliyozidi na Maneno Yaliyopungua

Imetufikia tafsiri ya Kiswahili ya mwongozo mfupi wa ukuzaji wa bangi ndani ya nyumba, uliotungwa kwa Kiingereza nchini Kanada na kutafsiriwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko. Sheria ya shirikisho ya nchi hiyo, iliyoanza kutumika tarehe 17 Oktoba 2018, inairuhusu kaya kukuza mimea isiyozidi minne. Hapa Tanzania, kama ilivyo Kenya, mmea huo ni marufuku, nasi hatuandiki kwa nia ya kumfundisha mtu kuukuza. Lakini sura ya mwongozo inayohusu udongo uliozidiwa na mbolea ingeweza kuandikwa vilevile juu ya nyanya katika kitalu nyumba, ambacho wenzetu wa Kenya hukiita kivungulio, au juu ya mawaridi ya chunguni barazani. Makosa yake tumeyakuta mara nyingi katika vijitabu vya kilimo ambavyo hakuna sheria inayovikataza.

Sentensi iliyotushughulisha kuliko zote ni hii: “Rutuba ikizidi, mmea hupata sumu, ufungue chakula chake kwa kuosha udongo.” Ni maneno kumi na moja tu, na sarufi yake haina dosari. Hata hivyo msomaji anayeifuata kama ilivyo ataupoteza mmea wake.

Tuanze na rutuba. Katika Kiswahili neno hili ni sifa ya ardhi, na ni sifa njema. Hatujapata kumsikia mkulima akilalamika kwamba shamba lake lina rutuba mno. Rutuba ni hali nzima ya udongo: mboji yake, unyevu wake, wadudu wake wadogo, na uwiano wa madini yaliyomo. Kinachozidi katika chungu si hali hiyo bali ni vitu vinavyohesabika na kupimika, yaani naitrojeni, fosforasi, potasiamu na vinginevyo. Vitu hivyo mfasiri anaviita “rutuba” katika ukurasa wa kwanza, “virutubisho” katika wa pili, na “chakula cha mmea” katika wa tatu, bila kuonyesha kama ni kitu kimoja au vitatu. Kwa maoni yetu neno linalofaa ni virutubishi. Kiishio chake kinataja kitendacho, yaani kile kinachorutubisha, na wataalamu wa lishe wa nchini wamekwisha kulizoea kwa chakula cha binadamu. Virutubisho na viachiwe vile vinavyouzwa katika chupa na mifuko ili kuongezea. Kwa tofauti hiyo tunaweza kusema bila utata kwamba virutubisho vimetiwa mno na virutubishi vimezidi udongoni.

Neno la pili, sumu, ni zito zaidi. Msomaji aambiwapo kwamba mmea umepata sumu, hufikiri kwamba majani yake hayafai kuguswa, au kwamba mbolea yenyewe ilikuwa mbovu. Ziko hali ambazo neno hilo linastahili. Manganisi katika udongo wenye asidi kali huudhuru mmea kwa namna ya sumu hasa, na boroni hufanya hivyo hata kwa kiasi kidogo. Lakini mbolea ya kawaida iliyozidi katika chungu hudhuru kwanza kwa njia nyingine kabisa. Ikiyeyuka, huwa chumvi ndani ya maji ya udongo. Kwa kawaida utomvu wa mzizi una vitu vilivyoyeyuka vingi kuliko maji yaliyo nje, kwa hiyo maji huingia mzizini. Maji ya nje yakishajaa chumvi, mvuto huo hupungua, na mmea hukaa na kiu huku udongo umelowa. Chumvi inayofanikiwa kupanda husafiri na maji hadi jani. Maji hutoka hewani, chumvi hubaki nchani na pembeni. Ndiyo sababu ncha za majani huwa za kwanza kugeuka kahawia na kukauka.

Mwenzetu mmoja, mfasiri wa siku nyingi, alipendekeza tuseme mmea “umevimbiwa”. Tulicheka pamoja, na neno lilitupendeza kwa siku mbili hivi. Kisha tuliona kwamba linapotosha. Aliyevimbiwa hunyimwa chakula na maji hadi tumbo litulie, ilhali mmea huu unahitaji maji, tena mengi. Wakulima wenyewe wanalo neno lao la zamani: mbolea imeunguza mahindi. Kijana aliyepata kuweka yurea karibu mno na shina halihitaji kufafanuliwa. Neno hili linaonyesha dalili, kwani jani hufanana na lililopitiwa na moto, nalo humwelekeza msomaji kwenye maji. Hatuoni sababu ya kuliacha kwa kuwa tu limetoka shambani. Tunapendekeza kuunguzwa na mbolea kwa dalili, ziada ya virutubishi kwa chanzo, na kulimbikika kwa chumvi kwa jambo linalotokea baina ya hayo mawili.

Hapo hapo pana mtego mwingine. Ukoko mweupe unaoonekana juu ya udongo na kwenye ukingo wa chungu, mfasiri ameuita “magadi”. Yamkini alitafuta neno lenye ladha ya kienyeji, nalo ni zuri, ila lina kitu chake. Ukoko wa chunguni aghalabu ni chumvi za mbolea na chokaa ya maji magumu. Udongo wa magadi ni ule uliotawaliwa na sodiamu: chembe zake hutawanyika, matundu huziba, na maji husimama juu bila kuzama. Udongo wa chumvi hutibiwa kwa maji yanayopita; udongo wa magadi huhitaji kwanza kitu kama jasi, ili kalsiamu yake ichukue nafasi ya sodiamu, ndipo maji yafuate. Wataalamu hutofautisha hali hizi kwa vipimo. Tangu maabara ya chumvi ya Marekani ilipotoa kitabu chake cha mwaka 1954, udongo ambao maji yake hupitisha umeme kwa desisiemensi 4 kwa mita au zaidi huhesabiwa kuwa wa chumvi. Mwalimu wa kilimo anayefundisha vijana wa nyanda kame hawezi kuyatumia maneno haya mawili kama pacha.

Tuje kwenye “ufungue chakula chake”. Hapa mfasiri amefuata mfano wa Kiingereza wa mlango uliotiwa kufuli, na msomaji wetu anabaki akitafuta mlango. Jambo lenyewe ni hili: kirutubishi kimoja kikizidi huzuia kingine kisiingie mzizini. Potasiamu ikiwa nyingi mno, mmea hushindwa kupata magnesi na kalsiamu ya kutosha, hata kama zimo udongoni. Fosforasi ikizidi, upungufu wa chuma na zinki huonekana majanini. Kuzuiana kwa virutubishi kungetosha. Na hapa ndipo palipo hatari kubwa, kwa sababu jedwali la mwongozo linasema: “Majani ya njano: ongeza mbolea.” Jani la chini lililogeuka njano baina ya mishipa kwa kukosa magnesi linaweza kuwa limezuiwa na potasiamu ya mbolea ile ile. Msomaji ataongeza, umanjano utazidi, naye ataongeza tena. Asili ya Kiingereza, ambayo tumeiona, ilikuwa na maneno “kwanza hakikisha haikuzidi”. Mfasiri ameyaruka, pengine kwa kubana nafasi ya jedwali.

Kuhusu “kuosha udongo” tutakuwa wafupi. Udongo haufuliwi. Msomaji mmoja aliyefuata maneno hayo angeweza kuung'oa mmea na kuikosha mizizi bombani, akaivunja. Kinachotakiwa ni kumimina maji safi juu ya chungu polepole, kama mara mbili au tatu ya ujazo wake, yatoke chini yakichukua chumvi, kisha kuyamwaga yaliyokusanyika kisahanini ili yasinywewe tena. Kitendo hiki ni kusuuza: ndivyo tufanyavyo kwa chombo kilichokwisha kusuguliwa, tunapopitisha maji ili kuondoa kilichobaki. Mvua inapofanya kazi hiyo shambani bila kuombwa, na kumpotezea mkulima mbolea aliyoinunua, tungesema virutubishi vimechujuka, kama rangi ya kitambaa. Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili. Hatulazimiki kuurithi ufukara huo.

Vipimo navyo vina kisa chake. Mwongozo unasema “kijiko kimoja kwa galoni”. Galoni ya Marekani ni karibu lita 3.8, ile ya Uingereza ni karibu lita 4.5, na katika mazungumzo ya mitaani kwetu galoni ni dumu, hata la lita 20. Kwa bahati njema kosa hili la mwisho hupunguza ukali wa dawa. Mfasiri aandike lita.

Limebaki jambo moja ambalo sisi wenyewe hatujaafikiana, nalo ni jina la yale maji yanayotoka chini ya chungu, ambayo mkulima wa kitalu nyumba huyapima ili ajue kama chumvi imepungua. Wengine wetu wanasema machujo, wengine masuuzo. Wasomaji walio karibu na wakulima wa maua wa Arusha au Naivasha wanaombwa watuandikie wanavyosikia yakiitwa huko.