Kuchagua Kamera kwa Jicho la Toi

Katika Soko la Toi, Nairobi, neno "kamera" lina maana mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua. Ya pili ni ya wauza mitumba: mtumba unapofunguliwa, nguo za kwanza kuchaguliwa, zisizo na doa, zisizofumuka wala kupauka, huitwa kamera. Zinazosalia mwisho, zikalundikwa na kuuzwa kwa bei ya kuzimaliza, ni fagia. Anayeshindwa kutofautisha hizo mbili kwa haraka hupoteza mtaji wake.

Hufika hapa kwa pikipiki kutoka Kawangware, nikifuata Barabara ya Naivasha hadi Dagoretti Corner, kisha Ngong Road mpaka Adams Arcade. Soko liko nyuma yake, ukingoni mwa Kibera. Mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, liliteketezwa, na wafanyabiashara wakalijenga tena. Mtu aliyewahi kuanza upya na mtaji wa kuhesabu hachagui bidhaa kwa mazoea. Mtazame akishika shati: hajali kifua, anaanza na kola, kwapa na mshono wa bega. Suruali anaitazama magotini na mapajani kwa ndani. Kiatu anakikunja soli. Mkono wake unakwenda moja kwa moja panapochakaa.

Kamera ya safari ya pikipiki huchaguliwa vivyo hivyo. Usianze na panapong'aa, yaani jina la chapa, idadi ya megapikseli na rangi ya skrini. Anza na mahali pikipiki itakapoiumiza.

Maadui wa njiani

Adui wa kwanza ni vumbi. Kamera ndogo nyingi huwa na lenzi inayochomoza unapoiwasha na kurudi ndani unapoizima. Kila inapochomoza huvuta hewa, na hewa ikiwa na vumbi, vumbi huingia pia. Chembe zikikwama kwenye gia ndogo za lenzi, lenzi hukwama. Zikitua kwenye sensa, kila picha ya anga inakuwa na madoa. Kamera yangu ya kwanza ya safari ilikufa hivyo karibu na Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi. Lenzi ilitoka nusu, ikasaga kwa mlio wa mchanga kwenye meno, haikurudi tena. Nilifika ziwani Magadi heroe wakiwa wamesimama kwenye maji ya waridi, mikononi nikiwa na kitu kisichoweza kupiga picha.

Adui wa pili ni mtikisiko. Kamera nyingi za kisasa zina kituliza mtikisiko, ambacho ni kipande cha lenzi au sensa kinachoelea ili kufidia kutetemeka kwa mkono. Injini ya pikipiki hutetemesha kwa kasi kubwa na kwa saa nyingi mfululizo. Mnamo Septemba 2021 Apple iliwaonya wenye iPhone kwamba mitetemo ya pikipiki zenye injini kubwa, inayopanda kupitia fremu na usukani, inaweza kuharibu kamera ya simu. Kwa hiyo usifunge kamera kwenye usukani wala kuitupa ndani ya boksi la nyuma. Ivae mwilini. Nyama na mgongo wako humeza mtetemo kuliko chuma.

Adui wa tatu ni maji, na wa nne ni haraka. Pikipiki hukufikisha mahali gari halifiki, lakini unasimama ukiwa na glovu na helmeti, mguu mmoja chini, lori likikupita. Kamera inayohitaji mikono miwili na dakika moja ya kuandaa itakaa mfukoni safari nzima.

Sensa: shamba la mwanga

Sensa ni shamba, na mwanga ni mvua yake. Shamba kubwa huvuna zaidi. Kamera nyingi ndogo za bei nafuu zina sensa ya takriban milimita 6 kwa 4.5. Sensa inayoitwa ya inchi moja ina milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lake likiwa karibu mara nne. Ile ya aina ya APS-C, milimita 23.5 kwa 15.6, hupita mara kumi na tatu. Ndiyo maana kamera ya zamani ya megapikseli 16 yenye sensa kubwa huishinda ya megapikseli 20 yenye sensa ndogo mara jua linapozama.

Na kwetu jua huzama upesi. Nairobi iko karibu kabisa na Ikweta. Jua hutua mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni, na kabla nusu saa haijaisha giza limeingia. Mwanga mzuri kuliko wote hudumu muda mfupi kuliko wote. Mimi sishuki chini ya sensa ya inchi moja, ila ninapohitaji kinga ya maji na vumbi kuliko kitu kingine chochote.

Lenzi: usinunue urefu, nunua mwanga

Wauzaji hupenda kusifia zumu: mara ishirini, mara thelathini. Lenzi ya kamera ndogo inayovuta mbali hivyo ina vipande vingi vinavyoteleza kimoja ndani ya kingine, na kila mwanya kati yao ni mlango wa vumbi. Tena inapovuta mbali, tundu lake hubana na mwanga hupungua. Zumu ya kidijitali usiihesabu kabisa, kwa kuwa inakata picha na kuikuza tu.

Tazama namba ya f iliyoandikwa kuzunguka lenzi. Kadiri ilivyo ndogo, ndivyo tundu lilivyo pana. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga takriban mara kumi zaidi ya lenzi iliyobanwa hadi f/5.6. Jioni barabarani, hiyo ndiyo tofauti kati ya uso wa mtu na kivuli cha ukungu.

Kwa upana, milimita 28 kwa kipimo cha filamu ya zamani huingiza duka, barabara na kilima katika picha moja. Milimita 35 hukaa karibu na jinsi jicho linavyotulia juu ya mtu aliye mbele yako. Ukiwa na mojawapo ya hizo mbili utasafiri mwaka mzima bila kulalamika. Zumu fupi ya 24 hadi 70 au 28 hadi 100 itakuongezea nafasi ya picha za sura bila kukuletea maradhi ya zumu ndefu.

Ukipiga picha ukiwa abiria nyuma ya bodaboda, kumbuka hesabu hii. Kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa mnasonga karibu mita 17 kila sekunde. Shata ikifunguka kwa 1/60 ya sekunde, mmesogea sentimita 28 na ukingo wa barabara unakuwa michirizi. Kwa 1/1000 mmesogea chini ya sentimita mbili. Anayeendesha asipige picha kabisa. Asimame.

Tatu za kupimia

Zitumie kamera hizi kama muuza nguo anavyotumia shati moja zuri kupimia mengine.

Olympus TG-6 ya 2019 ndiyo ya vumbi na mvua. Lenzi yake haichomozi, hujisogeza ndani ya mwili. Ilitengenezwa kustahimili kina cha mita 15 majini na kuanguka kutoka mita 2.1. Tundu lake ni f/2.0 upande mpana. Udhaifu wake ni sensa ndogo. Picha za usiku zitakuwa na punje.

Sony RX100 ya 2012 iliweka sensa ya inchi moja na lenzi ya f/1.8 ndani ya mwili wa gramu 240. Toleo la tatu, la 2014, lina zumu ya 24 hadi 70 inayobaki na f/2.8 hata mwisho wake, pamoja na kitundu cha kuchungulia kinachochomoza juu, msaada mkubwa saa sita mchana skrini isipoonekana. Haina kinga ya vumbi, hivyo huduma yake ni juu yako.

Ricoh GR ya 2013 ina sensa ya APS-C na lenzi moja isiyovuta, sawa na milimita 28. Fadhila yake kubwa ni kwamba unaweza kuifunga fokasi yake kwenye umbali wa mita 2.5. Ukiwa kwenye f/8, kila kitu kutoka mita moja na kidogo hadi upeo wa macho kitakuwa wazi, na kamera haipotezi muda kutafuta. Kwa mtu aliyesimamisha pikipiki kwa sekunde chache, hiyo ni nafuu kubwa. Nayo lenzi yake huchomoza na haijazibwa dhidi ya vumbi.

Ukaguzi mkononi

Kamera ya mtumba, iwe umeikuta mezani Toi kati ya redio na pasi, iwe dukani mjini, ipewe ukaguzi ule ule. Nenda na memori kadi yako, kebo, na simu yenye tochi.

1. Fungua mlango wa betri. Kutu ya kijani kwenye vyuma ina maana maji yaliingia au betri ilivuja. Betri iliyovimba hairudishwi ndani. Kama betri au chaja haipo, bei yake itolewe kwenye bei ya kamera.

2. Kagua skrubu. Vichwa vilivyochubuka vinaeleza kwamba kamera ilishafunguliwa. Muulize muuzaji kwa upole: "Mkubwa, hii ilitengenezwa nini?" Mwaminifu atakujibu.

3. Iwashe na kuizima mara kumi, ukiisogeza karibu na sikio. Mlio laini wa mota ni sawa. Mlio wa kusaga mchanga, rudisha mezani.

4. Mulika lenzi kwa tochi ukiwa umeinamisha mwanga kando. Chembe mbili tatu za vumbi hazidhuru. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu hula kioo.

5. Elekeza angani au kwenye karatasi nyeupe, bana tundu hadi namba kubwa kabisa ya f, piga, kisha kuza picha. Madoa meusi ni vumbi la sensa. Katika kamera ambayo lenzi yake haibanduki, kulisafisha ni kuifungua yote.

6. Simama sawasawa mbele ya ukuta wa mabati, ambao Toi haukosekani, na upige. Linganisha pembe nne. Migongo ya bati iwe wazi sawa katika pembe zote. Pembe moja ikififia, lenzi imekaa upande kwa sababu ya kuanguka.

7. Ziba lenzi kwa kiganja, piga kwa sekunde moja. Vitone vyekundu au vya buluu vilivyotapakaa ni sensa iliyochoka.

8. Kwa kamera ya kuzuia maji, pitisha kidole kwenye mpira wa milango. Ukiwa mgumu au umepasuka, ichukulie kuwa kamera ya mvua nyepesi tu, usiizamishe.

Mwisho wa yote, omba risiti au angalau jina na mahali ilipotoka, na uandike namba ya kamera. Picha za familia ya mtu mwingine zikiwa bado kwenye kadi, na muuzaji akiwa na haraka ya kuiondoa, ondoka. Huenda kuna mwenzako anaililia.

Nguo ya kamera

Hapa ndipo Toi inapokufaa kuliko duka lolote la kamera. Tafuta begi dogo la kifuani au kiunoni. Vuta mkanda kwa nguvu pale unaposhonwa kwenye begi. Pawe na mishono iliyorudiwa, isiwe mstari mmoja. Pitisha zipu mara kumi, hasa kwenye kona, maana zipu huanza kufa konani. Geuza ndani uone kama utando wa kuzuia maji umeanza kubanduka kama ngozi iliyoungua jua. Kata sponji iingie pande zote. Weka ndani vile vifuko vidogo vya chembe vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya, vinyonye unyevu.

Koti nalo lichague kwa mfuko wa ndani wa kifua. Kamera ikikaa hapo inalindwa na mvua, na mtetemo hupita kwanza mwilini mwako.

Barabarani kanuni ni chache. Usiwashe kamera lori likipita, subiri vumbi litulie. Usibadilishe kadi ukielekea upepo. Ukishuka kutoka Corner Baridi hadi joto la Magadi, iache mfukoni ipate joto taratibu. Magadi yenyewe ni magadi hasa. Unga wake una chumvi, kwa hiyo jioni futa mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, kabla ya kuiwasha tena.

Kipimo cha mwisho

Kabla ya kutoa pesa, mwombe muuzaji dakika moja zaidi. Vaa koti, vaa glovu, ikiwezekana ukae juu ya pikipiki yako. Weka kamera mfukoni. Chagua kitu upande wa pili wa njia, mama anayepanga viatu au kijana anayekung'uta suruali. Mwombe ruhusa, kisha itoe kwa mkono mmoja, iwashe, piga, izime, irudishe.

Ukiweza kufanya hivyo bila kutazama vidole vyako, na picha ikawa wazi mpaka pembeni, usisite. Lipa. Kati ya vyote vilivyokuwa juu ya meza ile, umeondoka na kamera.