Jiwe Lina Sura, Halina Jina

Duka la zawadi za watalii, Nairobi au Mombasa, hukosi kuziona: kiboko mdogo wa waridi, sahani yenye twiga, seti ya chesi, na ile familia iliyokumbatiana mpaka hujui mkono wa baba ni upi. Geuza chini. Kuna kibandiko cha bei, pengine na neno "Kenya". Aliyechonga hayupo.

Mimi naandikia Marani, kaskazini mwa mji wa Kisii. Jiwe lenyewe linatoka Tabaka, upande wa kusini wa kaunti. Kule kwa kawaida wanaume huchimba na kuchonga kwa panga, patasi na visu, halafu kina mama husugua kwa msasa na maji hadi jiwe lilainike, kisha linapakwa nta. Kinyago kimoja, mikono mingi. Sisi tunafupisha yote kwa kusema "mawe ya Kisii", kana kwamba jamii nzima ilikaa chini siku moja ikachonga kiboko.

Hilo nalihesabu kama kosa la uhakiki kabla halijawa la biashara. Ile familia iliyokumbatiana ni wazo zuri la sanaa: watu kadhaa, jiwe moja, hakuna pa kuwatenganisha. Lazima kuna mtu aliyeliwaza kwanza. Lakini ukishalitoa bila jina, linakuwa sampuli. Broka analeta oda ya mia, kila mchongaji ananakili, na mshindi ni yule atakayekubali bei ya chini zaidi. Ubunifu hapo unakula hasara, bana. Kwa nini ubuni umbo jipya wakati wiki ijayo litakuwa la kila mtu?

Linganisha na Elkana Ong'esa. Ametoka Tabaka hiyo hiyo, jiwe ni lile lile, na ndege wake wa amani amesimama makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Kipaji anacho, sawa. Ila pia ana jina linaloandamana na kazi, kwa hivyo anayetaka Ong'esa hawezi kupelekewa chochote kilichofanana.

Miradi ya kusaidia wasanii huja na semina: kuweka hesabu, kupiga picha za Instagram, kufungasha mzigo. Sipingi. Lakini unamfundisha mtu kutangaza nini, ikiwa bidhaa yake haimtaji?

Hata sheria inataka jina. Mwaka 2019 Kenya ilibadilisha Sheria ya Hakimiliki, ikampa msanii asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kwenye mnada au kupitia wafanyabiashara wa sanaa. Asilimia 5 ya kinyago kisicho na mwenyewe atalipwa nani? Ile sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inalinda jamii, na ni vizuri, lakini jamii haiendi kulipa karo ya mtoto wa mchongaji.

Najua jibu la Tabaka: jina haliliwi, oda ndiyo inaliwa leo. Ni kweli. Mimi mwenyewe niliacha chuo na naishi kwa oda, makala kwa makala, malipo yakichelewa. Ila hata makala ya pesa kidogo inatoka na jina langu juu, na mhariri wa pili alinipata kwa kusoma ile ya kwanza. Mchongaji hana hiyo ya pili. Kila oda kwake ni ya kwanza.

Kwa hivyo wenye maduka, andikeni majina mawili: aliyechonga na aliyesugua. Na sisi wanunuzi tuulize, "Hii ni ya nani?" Muuzaji akisema hajui, aulize aliyemletea. Mnyororo mzima usipomjua mchongaji, usitarajie kwamba bei nzuri itamfikia.