Bomba la Inchi Mbili, Diski ya Inchi Saba

Lango lilisimama sawa: nguzo timazi, bawaba hazilii, mishono ya kuchomelea imelala vizuri. Sifa za kazi ziishie hapo, kwa sababu kila aliyesimama kando ya barabara kuu ya Kakuma siku ile alikiona kilichotangulia. Fundi alichukua spana, akang'oa gadi ya grinda yake ya inchi nne na nusu, akaitupa chini ya meza, kisha akafunga diski ya inchi saba ili akate bomba la inchi mbili. Ulikuwa uamuzi mbaya, na wala haukuhitajika.

Tuanze na sababu ya diski ile kuingia. Tundu lake ni milimita 22.23, sawasawa na la diski ndogo. Shafti ya grinda ndogo nyingi ina uzi wa M14, na grinda ya inchi tisa inabeba uzi huohuo. Kwa hiyo washa inakaa, nati inakaza, na mkono hauhisi tatizo lolote. Kitu pekee kwenye mashine kinachoikataa diski kubwa ni gadi. Wengi huiona kama bati la kuzuia cheche tu, wakasahau kwamba ndiyo pia kipimo cha diski inayoruhusiwa. Fundi alipoing'oa alipoteza ngao na kipimo kwa mpigo mmoja.

Sasa hesabu, maana kwenye uchambuzi wa grinda hakuna pa kujificha. Grinda ya inchi nne na nusu huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika ikiwa haijabeba mzigo. Kwa diski yake halali ya milimita 115, ukingo unakwenda mita 66 kwa sekunde. Diski za kawaida za kukata chuma zimeandikwa kikomo cha mita 80 kwa sekunde, hivyo nafasi ipo. Ukiweka ya milimita 180 kwenye mashine ileile, ukingo unafika karibu mita 104 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 370 kwa saa. Diski ya ukubwa huo inataka mashine isiyozidi mizunguko 8,500 hivi, na namba hiyo imechapishwa usoni pake, karibu na tundu, mahali ambapo nati huifunika nusu.

Tena nguvu inayotaka kuipasua diski haiongezeki sambamba na kasi, bali kwa mraba wa kasi. Kutoka 80 hadi 104 kunaonekana ni hatua ndogo, lakini mvutano ndani ya diski unapanda kwa karibu asilimia 68 juu ya kikomo chake.

Watetezi wake wana jibu tayari: mbona haikupasuka? Haikupasuka kwa sababu viwanda huacha akiba, na diski huzungushwa kiwandani kwa kasi kubwa kuliko iliyoandikwa. Akiba hiyo imewekwa kwa ajili ya siku diski imebanwa ndani ya chuma, imenyonya unyevu, imeangushwa sakafuni au imepigwapigwa ndani ya lori lililotoka Kitale. Fundi wa Kakuma alianza kuila kabla hajagusa bomba. Kama diski ingebanwa, na bomba lililolala bila kushikwa hubana haraka, asingekuwa na akiba kamili ya kumwokoa, wala gadi ya kugeuza vipande. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Lodwar, kilomita 120 hivi.

Linalokera zaidi ni kwamba bomba lina uwazi ndani. Bomba la inchi mbili lina kipenyo cha nje cha milimita 60, lakini chuma chenyewe ni unene wa milimita tatu au nne. Diski ya inchi nne na nusu huingia takriban milimita 30 kabla ya kichwa cha mashine kugusa. Inatosha mara saba hadi kumi. Zungusha bomba, fuata alama ya chaki, kata ukuta wake kidogo kidogo mpaka mistari ikutane. Hivyo ndivyo linavyokatwa na watu wanaojua kazi, na mkato hutoka mnyoofu kuliko wa kupitisha diski moja kwa moja.

Mafundi wa zamani wa Kamukunji, Nairobi, wasingebishana hata kidogo juu ya hili. Walikata mabomba kwa hakiso, bledi yenye meno 24 kwa inchi, mguu mmoja ukiwa juu ya chuma. Vijana wa leo huwacheka kwa kwenda polepole. Hakiso haina mizunguko 11,000, haihitaji petroli, na bomba moja la inchi mbili lingekuwa chini kabla jenereta haijapata moto. Kizazi kile kilichagua kifaa kwa kuangalia chuma kwanza. Siku hizi kifaa kinachaguliwa kwa kelele yake.

Safu hii imelalamika kabla ya leo kuhusu ibada ya inchi tisa, na haitachoka. Fundi wa Lodwar akipata fedha za kwanza, anataka grinda kubwa ionekane na wateja. Makita GA9020, kwa mfano, ni mashine bora: wati 2,200, mizunguko 6,600, mikono miwili. Lakini iwashe kwa jenereta ndogo ya wati 700 uone. Injini inakohoa, volti inashuka, mota inapata joto, kaboni zinaisha kabla ya wakati. Bei ya inchi tisa huja pamoja na jenereta yake, na hilo muuzaji halisemi.

Suala la umeme nalo lina historia yake chungu. Bwawa la Turkwel lilianza kuzalisha mwaka 1991, megawati 106, na laini yake kuu ya kilovolti 220 ikaelekea Lessos, kusini. Karakana za kaskazini ziliendelea kuvuta kamba ya jenereta. Ndiyo maana ushauri wa grinda ulioandikwa kwa ajili ya Ulaya haufai kusomwa kama ulivyo huku.

Kwa karakana ya milango, madirisha na vitanda, chaguo nafuu na salama ni inchi nne na nusu, wati 700 hadi 850. Bosch GWS 750-115 imo humo. Makita 9557HN, ya wati 840, imo pia na kwa maoni ya safu hii bado ndiyo kipimo: mwili mwembamba unaoshikika kwa kiganja kimoja, kichwa cha chuma, kaboni zinazobadilishwa bila kupasua mashine. Zimekuja grinda za betri zinazosifiwa sana, nazo ni nzuri kwa anayepanda juu ya paa, ila betri mbili na chaja hupandisha gharama mbali na mfuko wa fundi wa kawaida. Ingco na Total zimejaa kwenye hadiwea kwa bei ya chini. Si haramu kuzinunua, mradi kabla ya kulipa mnunuzi aulize kama kaboni na swichi zake zinapatikana mjini, na aangalie alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, inayothibitisha mwili wenye kinga mbili za umeme. Aitikise gadi pia: ikikaa legelege dukani, kazini itaishia chini ya meza.

Hata shujaa ana kasoro. Swichi ya 9557HN ni ya kutelezesha, na ukiisukuma mbele inajifunga hapo. Jenereta ikizimika katikati ya mkato, fundi huweka mashine chini aende kuongeza mafuta. Injini ikiwaka tena, grinda inaruka mezani peke yake. Kwa mahali penye umeme wa kukatikakatika, swichi ya kubana, inayozima mkono ukiachia, ina thamani kuliko wati mia za ziada. Anayebaki na ya kutelezesha achomoe plagi kila umeme unapopotea.

Diski zenyewe ni kero ya miaka. Za kukata hushikiliwa na gundi ya resini inayozeeka, ndiyo sababu tarehe hupigwa kwenye pete ya chuma katikati, na muda wake kwa kawaida ni miaka mitatu tangu kutengenezwa. Kwenye vibanda vingi zinaning'inizwa juani kwa waya, na Lodwar joto la mchana huvuka digrii 35. Diski isiyo na tarehe irudishwe kwa muuzaji. Ya milimita moja hukata haraka bila joto jingi, lakini haivumilii kupindwa ubavuni; ya kusaga ni nene, milimita sita hivi, na zile mbili hazibadilishani kazi. Na anapokata, fundi akumbuke: miwani ya jua si miwani ya kazi.

Kuna wanaofunga bledi ya msumeno wa mbao kwenye grinda ili kukata miti ya mathenge. Kwa hao ushauri ni mfupi: panga.

Lawama isimwangukie fundi peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye karakana ahakikishe sehemu hatari za mashine zimekingwa, na karakana ile ina mwenyewe, aliyekuwa amekaa kivulini akitazama gadi ikitoka. Kazi ikija yenye chuma kinene kweli, si bomba, akodishe grinda ya inchi tisa kwa siku moja pamoja na jenereta inayoiweza, na gharama hiyo aiandike kwenye bei ya mteja.